Kaseti 63 za Baba Mkubwa: shajara ya kuokoa sauti za nyumbani, Tabora

9 Juni 2024: Sanduku latolewa chumbani

Leo nimekabidhiwa sanduku la mninga lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu baba mkubwa, nyumbani kwao Isevya, na tumelihesabu mbele ya mama mkubwa na binti yake: kaseti 63, madaftari mawili madogo na redio kaseti moja ambayo haiwaki. Naandika shajara hii ili mwenye sanduku kama hili, awe Urambo, Nzega, Kaliua au Kigoma, aone nilikopita na asirudie makosa yangu, kwa sababu kosa la dakika moja laweza kufuta kilichodumu miaka arobaini.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, hivyo mfanyakazi wa reli mwenye makazi hapa alijikuta akifika pande zote za nchi ya magharibi. Kila alikokwenda alibeba redio kaseti yake. Alirekodi ngoma za baada ya mavuno, harusi, mazungumzo ya wazee na salamu za ndugu, na kila kaseti aliianza kwa kutaja tarehe na mahali kwa sauti yake mwenyewe. Tarehe ya kwanza tuliyoiona kwenye lebo ni ya mwaka 1978 na ya mwisho ni ya mwaka 1994.

Nieleze pia hali niliyolikuta nayo sanduku, maana ni sehemu ya kumbukumbu. Alipofariki, watoto waligawana shamba, baiskeli na cherehani, na hakuna aliyeulizia kaseti. Zilikuwa zaidi ya 63. Mjukuu mmoja aliomba kaseti tano, akatoa utepe wake na kuufunga kwenye miti shambani uwe unametameta na kuvuma kwa upepo ili kufukuza ndege wa mpunga, kama wakulima wengi wafanyavyo. Hakukosea, kwa kuwa aliomba na akaruhusiwa. Mama mkubwa aliniambia bila kuficha: “Mwanangu, mwenye kuzisikiliza ameshakwenda. Mimi niliziona kama mzigo.”

22 Juni 2024: Vifaa na gharama

Hatua hii ni ya kawaida, nami naieleza kwa ufupi. Deki ya kaseti iliyotumika, kutoka kwa fundi redio wa hapa mjini: Sh 85,000. Mikanda mipya ya mpira ya ndani ya deki na ufundi wa kuifunga: Sh 22,000. Saundi kadi ya nje ya kuingiza sauti kwenye kompyuta: Sh 190,000. Diski ya nje ya terabaiti 1: Sh 165,000. Spiriti safi, pamba, bisibisi ndogo, barakoa na glavu: Sh 31,000. Programu ya kurekodia ni Audacity, ambayo haina malipo.

Nimeamua kurekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 96,000 kila sekunde, na biti 24 kwa kila kipimo, katika faili la WAV lisilobanwa. Mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha iliyoanzishwa mwaka 1969, unataka sampuli zisipungue 48,000 na unapendekeza 96,000. Kwa kipimo hicho saa moja ya sauti ya njia mbili (stereo) inakula karibu gigabaiti 2, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inatosha kazi yote na kubaki. Faili la MP3 linafaa kutumiana kwenye simu, lakini lisiwe nakala mama, yaani nakala kamili ya kuhifadhi, kwa sababu kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Kaseti tisa zilikuwa na kuvu nyeupe kwenye kingo za utepe. Nilizitenga, nikazianika kivulini mahali pakavu kwa siku kadhaa, kisha nikazipangusa kuvu nje ya nyumba nikiwa nimevaa barakoa. Kuvu hiyo haifai kuvutwa puani, na haifai kupitishwa kwenye deki hiyo hiyo inayochezea kaseti safi.

30 Juni 2024: Sekunde saba

Ninaandika tukio hili kwa uchungu. Deki niliyonunua ina kitufe cha kurekodi kinachopakana na cha kucheza, na jana, nilipokuwa nikianza kaseti ya 6, nilibonyeza vyote viwili. Niligundua baada ya sekunde saba. Sekunde hizo zilikuwa mwanzo wa upande A, yaani mahali hasa ambapo baba mkubwa hutaja tarehe na mahali. Sasa kaseti hiyo haina tarehe, na hakuna fundi wala programu inayoweza kuirudisha.

Kinga yake ni rahisi na nilipaswa kuanza nayo. Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukivivunja kwa bisibisi, deki haitakubali kurekodi. Kabla ya kaseti ya 7 nilivunja vijino vya kaseti zote. Pia nimemwomba fundi akate waya unaopeleka umeme wa kurekodi kwenye hedi, yaani kichwa cha sumaku kinachogusa utepe, akanitoza Sh 5,000. Mtu yeyote atakayefuata kazi hii afanye mambo hayo mawili siku ya kwanza, kabla hata ya kusafisha deki.

Nilimweleza mama mkubwa nilichopoteza. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ile sauti iliyofutika ilikuwa ya mume wake. Nilipokubali, alisema nimletee kaseti nyingine yoyote asikie anavyotaja tarehe. Ndiyo mara ya kwanza kuomba kusikiliza kitu chochote katika sanduku lile.

14 Julai 2024: Mwinamo wa hedi

Nilikuwa nimekwisha kuhamisha kaseti 11 nikiamini kwamba sauti yake nzito, iliyozibwa kama mtu anayesema ndani ya blanketi, ni uzee wa utepe. Haikuwa uzee. Hedi ya kusomea lazima isimame wima sawasawa na jinsi ilivyosimama hedi iliyorekodi, na redio kaseti za kubeba mkononi ziligongwa, zikatikiswa kwenye mabehewa na kurekebishwa mara nyingi, hata hedi zake zikainama. Utepe uliorekodiwa na hedi iliyoinama ukisomwa na hedi iliyonyooka, sauti kali hupotea: herufi “s” na “sh” hufifia, njuga hazilii, vigelegele vinakuwa mvumo.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Njia niliyoipata baada ya siku mbili za majaribio ni kuunganisha njia mbili za sauti ziwe moja, kuvaa visikizi, kisha kuzungusha skrubu hiyo polepole sana huku nikisikiliza mahali penye maneno mengi, na kusimama pale sauti inapokuwa kali kuliko kote. Niliweka alama ya mahali pa awali kwa rangi ya kucha ili niweze kurudi. Kwa kuwa baba mkubwa alibadilisha redio angalau mara tatu katika miaka ile, skrubu inabidi irekebishwe kwa kila kaseti, na wakati mwingine kwa kila upande wa kaseti.

Kaseti 11 zote nimezirudia. Gharama ya fedha haipo, ila wiki mbili zimepotea, na utepe wa miaka 40 umepitishwa mashineni mara mbili badala ya mara moja. Kitu kingine: swichi ya Dolby, mfumo wa kupunguza mkwaruzo wa utepe, iwe imezimwa, isipokuwa una hakika kwamba mashine iliyorekodi ilikuwa nayo. Zile za kubeba mkononi za nyumbani kwetu hazikuwa nayo.

4 Agosti 2024: Manju ambaye hakutambulikana

Kaseti ya 19 ina ngoma iliyorekodiwa ukumbini mwaka 1984. Anayeongoza ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji katika ngoma za Wanyamwezi na Wasukuma, na daftari la baba mkubwa linamtaja kwa jina. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kiloleni ambaye alicheza katika kundi hilo. Nilimwamkia, nikaketi, nikamchezea. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa: “Huyu ni kijana. Manju yule sauti yake ilitoka kifuani. Mmechanganya kaseti.”

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kulifuta jina katika orodha yangu. Kabla ya kufanya hivyo niliitazama sauti kwenye kompyuta na kuona mstari mwembamba usiobadilika chini ya nyimbo zote. Huo ni mvumo wa umeme. Umeme wa Tanzania unatembea kwa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na redio iliyochomekwa ukutani huacha mvumo wake kwenye utepe. Katika faili langu mvumo ulikuwa kwenye hezi 54. Maana yake ni kwamba mashine iliyorekodi ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyopaswa, kwa hiyo kaseti inapochezwa kwa kasi sahihi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, kila kitu hukimbia kwa asilimia 8, na sauti ya mtu mzima hupanda zaidi kidogo ya nusu toni. Nilipunguza kasi hadi mvumo ukakaa kwenye 50.

Nilimrudishia mzee nakala hiyo. Hakusubiri ubeti wa kwanza uishe. Alitaja jina la manju, akataja jina la mpiga ngoma kubwa, akamtaja mwanamke wa mstari wa nyuma anayepiga vigelegele, na akaniambia ni nani kati yao bado yu hai. Niliandika majina tisa kwa muda usiozidi nusu saa.

Rekodi za betri hazina mvumo, na ndizo nyingi. Betri zilipokuwa zikiishiwa, mota ilizidi kulegea, kwa hiyo zinapochezwa leo sauti inapanda kidogo kidogo kuelekea mwisho wa kaseti. Kwa hizo natumia sauti ya baba mkubwa mwenyewe, ambayo wote tunaijua, kama mizani. Nakala mama siigusi kamwe. Marekebisho yote yanakwenda kwenye nakala ya kusikilizia, na kiwango cha marekebisho kinaandikwa daftarini.

25 Agosti 2024: Nilisafisha kupita kiasi

Hili ni kosa kubwa kuliko yote, nami nilidhani ni ufundi. Baada ya kupata kasi sahihi nilitumia programu kuondoa kelele: mkwaruzo wa utepe, upepo, watu wanaopita, kinu kinachotwangwa uani, mbwa. Niliona fahari kuacha sauti ya mwimbaji peke yake. Kwa kaseti nne za mwanzo kusafishwa hivyo nilikwenda mbali zaidi: nilifuta mafaili ya awali ili kuokoa nafasi.

Kaseti ya 23 ilikuwa mojawapo. Haina tarehe wala mahali, na lebo yake imeliwa na mchwa. Nilimpelekea mzee mwingine, aliyekuwa reli pamoja na baba mkubwa, nikamchezea nakala safi. Hakuweza kusema lolote. Aliniuliza kama kaseti yenyewe ipo. Tuliicheza moja kwa moja kwenye deki, na katikati ya wimbo, mbali sana, ikasikika honi ya treni, ndefu, fupi, kisha ndefu tena. Aliinua mkono nisimamishe. Alisema treni hiyo inaingia stesheni ikitokea upande wa Kaliua, maana mwangwi wake unagonga kilima fulani anachokifahamu, na nyumba yenye kinu karibu na njia wakati huo ilikuwa moja tu. Hivyo tukapata mahali. Kwa mahali tukapata harusi, na kwa harusi tukapata mwaka: 1981.

Programu yangu ilikuwa imefuta honi ile kama kelele, na pamoja nayo kinu. Nilikuwa nimeamua peke yangu, kwa kipimo cha masikio ya mtu aliyezaliwa baadaye, kipi ni wimbo na kipi ni takataka.

Kaseti zote nne nimezihamisha upya. Kuanzia sasa kanuni ya kazi hii ni kwamba hakuna kinachoondolewa kwenye nakala mama, hata kikohozi. Nakala ya kusikilizia inapunguziwa mkwaruzo wa utepe tu, tena kidogo. Upande ambao kijana fulani alirekodi nyimbo za redio juu ya mazungumzo ya wazee nao unahifadhiwa kama ulivyo.

15 Septemba 2024: Majina

Wiki tatu hizi sikuhamisha kaseti nyingi. Nilizunguka kutafuta majina, na nimebadili mawazo yangu kuhusu mradi mzima.

Sauti za watu wa huku zilianza kunaswa zamani. Hifadhi ya sauti ya Berlin, Phonogramm-Archiv, ilianzishwa mwaka 1900 na ikakusanya mitungi ya nta, vyombo vya kunasia sauti vya enzi hizo, kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi hiyo, alichapisha uchambuzi wake wa nyimbo za Wanyamwezi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake, akarekodi Wanyamwezi, Wasukuma, Wahaya, Wagogo na wengine, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Makusanyo ya mitungi ya Berlin yaliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nayaheshimu sana makusanyo hayo, kwa kuwa bila hayo tusingekuwa na sauti yoyote ya miaka ile.

Lakini yalithaminiwa tangu siku ya kwanza na watu waliotafuta mifano ya muziki: mizani, vipimo, aina za ala. Kaseti zetu zilikaa chini ya kitanda bila thamani ya aina hiyo, ila aliyezirekodi alimjua kila mwimbaji, mama yake na mtaa wake. Ujuzi huo haumo kwenye utepe. Umo kwa wazee wapatao kumi na wawili ninaowafahamu, na wawili kati yao ni wagonjwa. UNESCO na IASA walitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba mashine za kuchezea kanda za sumaku na vipuri vyake vinatoweka, na wataalamu waliutaja mwaka 2025 kama mpaka wa kuhofiwa. Mimi ninahofu zaidi upande wa pili. Deki naweza kuagiza nyingine. Mzee wa Kiloleni hana mbadala.

Kwa hiyo nimegeuza mpangilio. Kaseti zenye waimbaji ambao bado kuna wa kuwatambua zinatangulia, hata kama hali yake ni nzuri, na zile zilizochakaa lakini zimeandikwa vizuri zinasubiri. Najua wataalamu wa hifadhi huanza na zilizo hatarini kuharibika. Kwangu kilicho hatarini ni utambuzi. Majina ya watu hayaandikwi hapa. Yamo kwenye daftari la familia, kama wenyewe walivyotaka.

29 Septemba 2024: Kaseti tatu zinafungwa

Kaseti za 40, 41 na 42 zina sauti za ibada ya Baswezi, chama cha mambo ya mizimu ambacho yafanyikayo ndani yake si ya kila mtu. Baba mkubwa alikuwa karibu na watu hao na bila shaka aliruhusiwa. Mimi sikuruhusiwa. Nilizitambua baada ya dakika mbili za kaseti ya 40, nikasimamisha.

Nilikwenda Sikonge kwa wazee wawili wanaohusika, nauli ya kwenda na kurudi Sh 14,000, pamoja na zawadi ya sukari na sabuni. Mazungumzo yalichukua siku nzima. Mmoja alitaka kaseti zichomwe. Mwingine, bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote niliozungumza nao katika kazi hii, alisema sauti ya mtu aliyekufa haichomwi, ila inaweza kulazwa. Walikubaliana hivi: zihamishwe bila mtu kusikiliza, mafaili yafungwe kwa neno la siri ambalo atakuwa nalo bibi huyo na mtu atakayemteua, na kaseti zenyewe zirudi kwao.

Nilifanya hivyo, visikizi vikiwa mezani. Skrubu ya hedi niliiacha kwenye alama ya kawaida kwa kuwa sikuweza kuirekebisha bila kusikiliza, kwa hiyo huenda sauti yake ni hafifu. Nimeyakubali mapungufu hayo.

6 Oktoba 2024: Matengenezo madogo

Kaseti nne zilikuwa zimekatika utepe. Ya kwanza niliiunga kwa selotepu ya kawaida. Baada ya siku kumi gundi ilivuja pembeni, ikashika tabaka la juu yake na kubandua unga wa sumaku wa kama nusu sekunde. Utepe maalumu wa kuungia niliuagiza kutoka Dar es Salaam kwa Sh 28,000 pamoja na usafiri, na huo hauvuji. Kaseti ambazo magamba yake hayana skrubu zinapasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, kisha utepe unahamishiwa kwenye gamba lenye skrubu. Kaseti za dakika 120 zisirudishwe nyuma kwa kasi kubwa, maana utepe wake ni mwembamba mno, takribani nusu ya ule wa dakika 60. Nilizirudisha kwa kalamu, kama tulivyofanya utotoni.

Kaseti sita ni vipindi vilivyonaswa kutoka redioni, zikiwamo nyimbo za bendi za hapa, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Nimezihifadhi kwa ajili ya familia tu. Mtunzi, mwanamuziki na mtangazaji wana haki zao chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kumiliki kaseti si kumiliki wimbo.

27 Oktoba 2024: Chini ya mwembe

Tarehe hii ni Siku ya Dunia ya Urithi wa Sauti na Picha, iliyowekwa na UNESCO mwaka 2005, nasi tuliitumia kukutana uani kwa mama mkubwa. Walikuja watu kama thelathini. Nilipanga ngoma 14, nikaamini ndizo hazina ya sanduku. Barua sikuzipanga kabisa.

Nieleze barua ni nini. Bibi yetu, mama yake baba mkubwa, hakujua kusoma. Mwanawe alipohamishiwa Kigoma kikazi, alimwachia redio kijijini, na kila baada ya miezi kadhaa bibi alisema maneno yake kwenye kaseti, ikaenda na mtu wa treni, naye mwanawe akajibu upande wa pili. Kaseti saba ni za namna hiyo. Niliziona ni mambo ya ndani: maharage yamekauka, mbuzi amezaa, fulani hajalipa deni.

Ngoma zilisikilizwa vizuri, majina kumi na manne mapya yakapatikana, na watu wakaanza kuzungumza mambo mengine. Upande wa kaseti ya 31 ulipokwisha niliendelea na upande wa pili bila kuangalia lebo, na sauti ya bibi ikatoka kwenye spika, ikiamkia kwa Kinyamwezi: “Mwangaluka, mwanangu.” Uani pakanyamaza. Alisema habari za mvua, akamlaumu mwanawe kwa kutomla mbuzi aliyetengewa, kisha akakaa kimya, na akauliza mtu aliyekuwa karibu naye: “Hivi bado kinanisikia?”

Binti zake walilia. Wajukuu, ambao wengi hawakumwona, walitaka irudiwe. Wazee walibishana kuhusu maneno matatu ya Kinyamwezi aliyoyatumia ambayo vijana hawakuwahi kuyasikia, na ubishi huo nimeurekodi nao. Kufikia jioni ndugu tisa walikuwa wameomba nakala za barua, na wawili tu waliomba ngoma. Mama mkubwa alitangaza mbele ya watu kwamba sanduku lile halitoki tena nyumbani bila yeye kujua, na akaweka ufunguo wake kwenye pindo la kanga.

Nakala sasa ziko tatu: diski yangu, diski ya pili (Sh 160,000, iliyochangwa na ndugu siku hiyo hiyo) iliyopelekwa kwa shangazi Kigoma kwa treni, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila faili lina namba yake ya ukaguzi inayotolewa na programu kutokana na yaliyomo. Namba ikibadilika, faili limeharibika. Nitazikagua kila baada ya miezi sita.

24 Novemba 2024: Utepe wa shambani

Yule mjukuu aliyefungia kaseti tano shambani alikuwapo chini ya mwembe. Hakuniambia kitu siku ile. Jana alikuja na mfuko wa rambo: alikwenda shambani kabla ya mvua kushika, akafungua kila mti, akakusanya vipande vyote alivyovipata. Vingi vilikuwa vimepauka kwa jua na kujikunja kama nyuzi. Tulikaa naye siku nzima tukivifuta kwa maji safi yaliyochujwa na kuvinyoosha kwa vidole, yeye akishika mwisho mmoja nami mwingine.

Tulipata mita 18 zinazoweza kupita mashineni, vipande sita, maungio matano. Hiyo ni dakika 6 na sekunde kidogo. Kipande cha kwanza hakina kitu. Cha pili na cha tatu ni ngoma, iliyofifia mno. Katika cha tano baba mkubwa anajaribu redio mpya: anahesabu moja hadi kumi, anarudisha, anahesabu tena, na mwanamke anamwuliza kama chumvi imebaki. Anajibu kwamba imebaki kidogo.

Mama mkubwa alisikiliza kipande hicho mara nne. Alisema mwanamke huyo ni yeye, na kwamba redio ile waliinunua mwaka 1986 kwa fedha za tumbaku. Mjukuu aliandika hayo daftarini kwa mkono wake, akauliza aipe namba gani. Nilimwambia 64.

Hesabu hadi leo: kaseti 58 zimekamilika, tatu zimefungwa, mbili zina utepe uliogandamana na zinasubiri. Matumizi yote, pamoja na diski ya pili, ni Sh 700,000.